Majonzi na Tiba Yake Katika Historia ya Nachingwea na Ruangwa

Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za mkoa wa Lindi, ni nchi ya Wamwera, wanaoishi pamoja na Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wangindo. Kabla ya zahanati kujengwa huku, mtu aliyeelemewa na huzuni, hofu au wazimu alitibiwa na watu wake na mbele ya watu wake. Koo nyingi za eneo hili zilihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya wapwa. Mpwa akinyong'onyea, hali wala hataki watu, ilikuwa juu ya mjomba kuitisha kikao cha ukoo kutafuta chanzo. Huenda wazee waliokufa wamesahauliwa, huenda ndugu wana ugomvi, au huenda kuna mkono wa mtu.

Wazee wakitajwa, tambiko lilifanyika chini ya mti wa msolo, unaojulikana kwa kazi hiyo kusini kote. Mzee wa ukoo alichota unga wa nafaka na kuuacha udondoke taratibu kutoka kiganjani hadi penye shina, huku akiwaita marehemu kwa majina na kuwaeleza shida ya mgonjwa. Kwa Wayao, kichuguu cha unga kikikutwa asubuhi kingali kimesimama na ncha yake, ilikuwa ishara kwamba wazee wamepokea. Mgonjwa alisikia dhiki yake ikitajwa waziwazi na watu wazima walioichukua kuwa dhiki yao, na ndugu waliokuwa hawasemezani walilazimika kukaa pamoja. Ila njia hiyo ilikuwa na ubaya wake. Pale chanzo kilipodaiwa kuwa ni uchawi, lawama zilimwangukia mtu asiye na wa kumtetea, mara nyingi bibi kizee, naye akabaki na majeraha ambayo hayakuundiwa tambiko.

Msiba ulikuwa na taratibu zake. Ndugu na majirani walilala matanga kwa wafiwa, wakawapikia na kuwatekea maji. Watani nao walikuwa na kazi maalumu, kwani makabila na koo za kusini zimefungwa na utani wa muda mrefu. Mtani aliweza kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, kumdai deni ambalo halipo, au kuzuia shughuli mpaka apewe chochote, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Mfiwa aliyekuwa amekauka kwa uchungu alijikuta akicheka, kisha akalia, na aliyelia alianza kurudi miongoni mwa watu. Jando na unyago viliwaandaa vijana mapema kwa mambo hayo. Humo makungwi walifundisha juu ya ndoa, uzazi, ugonjwa na kifo, na mwali alipata somo wa kumwendea atakapofikwa na jambo ukubwani.

Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika kwa Wamwera, na mwezi Agosti misheni ya Nyangao ilichomwa. Wajerumani walijibu kwa kuteketeza vijiji, mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi, na makadirio ya vifo katika eneo lote la vita huanzia 75,000 hadi karibu 300,000. Kabla ya nchi kutulia, Vita Kuu ya Kwanza ilileta mapigano makali ya Mahiwa mnamo Oktoba 1917, na wanaume wakakamatwa kubeba mizigo ya majeshi. Wengi hawakurudi. Waliofia njiani hawakuzikwa na ndugu zao, na taratibu za msiba zikakosa maiti na kaburi.

Hofu iliyoachwa na Maji Maji ilionekana mwaka 1908, pale barua iliyodaiwa kutoka Makka iliposambaa kuanzia Lindi ikitangaza kwamba mwisho wa dunia umekaribia. Katika miaka hiyo Uislamu ulienea bara, na zikri za tarika ziliwakusanya watu usiku kwa pumzi na sauti moja. Aliyesumbuliwa na hofu alipewa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, naye akayanywa. Kwa upande wa Wakristo, wamisionari Wabenediktini walihamia Ndanda mwaka 1906 na kujenga misheni iliyokuja kuwa na hospitali kubwa. Masasi, Vincent Lucas wa kanisa la Anglikana aliona kuwa kulifuta jando ni kuwanyang'anya watu nguzo, akalipa sura ya Kikristo.

Enzi za ukoloni wazimu ulishughulikiwa kwa kumtenga mgonjwa. Hospitali ya Lutindi huko Usambara ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, na Mirembe ya Dodoma ikafunguliwa mwaka 1927. Kwa familia ya Ruangwa, kumpeleka mgonjwa Mirembe ilikuwa sawa na kumsindikiza asirudi tena.

Mpango wa karanga wa Waingereza uliifikia Nachingwea kuanzia mwaka 1947. Ulileta matrekta, reli na wafanyakazi wageni waliokuwa mbali na wajomba na makungwi wao. Ulivunjwa mwaka 1951, na reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Afya ndiyo iliyobaki na mafanikio, kwani mwaka 1949 daktari Leader Stirling alihamia hospitali ya misheni ya Mnero, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Kuanzia mwaka 1965 Nachingwea ilikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Wapiganaji na wakimbizi waliovuka Ruvuma walikuja na majonzi ya vita vyao, hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Katika miaka hiyohiyo wenyeji walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakayaacha makaburi na misolo ya zamani.

Katika miaka ya 1980 Tanzania ilianza kuingiza matibabu ya akili katika huduma za msingi, kwa majaribio ya Morogoro na Kilimanjaro, na mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili. Hata hivyo kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, jambo linalowatia woga watu wanaohitaji msaada haraka. Familia moja inaweza kwenda kwa mganga, kwa shehe na zahanati kwa ugonjwa uleule. Dawa za sonona na za kifafa zina kazi ambayo tambiko haliwezi kuifanya. Lakini mgonjwa aliyepewa dawa anahitaji pia watu wa kukaa naye, na kazi hiyo mjomba, somo na mtani wa nchi hii waliijua kabla ya hospitali yoyote.