Maradhi ya Mkojo Kanduyi: Dawa Zilipita, Choo Kikachelewa

Ukitoka Webuye na kufika Kanduyi, barabara zinagawana. Moja inaendelea Malaba na Uganda, nyingine inakata kushoto kuingia mji wa Bungoma na kuelekea Mumias. Malori hupunguza mwendo hapo, matatu husimama, na penye gari lililosimama hapakosi mama mwenye beseni la ndizi. Mama huyo ndiye aliyenipa kazi miaka yote niliyokuwa maabara. Mimi ni fundi wa maabara mstaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupima mkojo.

Kijidudu kinacholeta maambukizi mengi ya njia ya mkojo kilielezwa na daktari wa watoto, Theodor Escherich, mwaka 1885. Ni bakteria wa kawaida wa utumbo, na leo anaitwa E. coli kwa jina la daktari huyo. Reli ilipofika Bungoma katika miaka ya 1920, kumjua hakukuwa kumtibu, kwani dawa ya kutegemewa haikuwapo popote duniani hadi zilipokuja dawa za salfa katika miaka ya 1930. Hata wamishonari wa Quaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye kuwa na hospitali Lugulu, walianza bila dawa hizo. Nyanya zetu walichemsha mizizi na kumnywesha mgonjwa mabuyu kwa mabuyu. Sitaapa juu ya mizizi, ila maji yale mengi hayakupotea bure.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970. Darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo chini yake, nayo ilikaa dirishani ili ishike jua. Mawingu ya alasiri yakitanda kutoka Mlima Elgon, kazi ya darubini imekwisha. Tulitia mkojo katika neli ya kioo, tukaupasha moto sehemu ya juu kwa taa ya spiriti. Ukitokea ukungu mweupe, unadondosha matone mawili matatu ya asidi ya siki. Ukungu ukitoweka, ni chumvi tu. Ukibaki, ni protini. Mkojo mwingine ulizungushwa kwa mashine ya mkono, maji ya juu yakamwagwa, na tone la mashapo likawekwa chini ya darubini. Hapo ndipo seli za usaha zilipojitokeza, za duara, zenye punjepunje ndani.

Shida ilianza na chombo. Watu walileta mkojo katika chupa za dawa ya kikohozi, na wengine katika mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, hata ukaona matone ya mafuta yakielea mbele ya jicho. Mkojo uliotoka Bumula asubuhi na kukaa juani hadi saa sita ulikuwa umekwisha kuzalisha vijidudu njiani. Mtafiti Edward Kass wa Boston alikuwa ametoa kipimo tangu mwaka 1956: katika mkojo uliokingwa kwa usafi, vijidudu 100,000 au zaidi kwa kila mililita ni ugonjwa, vikiwa vichache huenda ni uchafu tu. Ndiyo maana hata leo unaambiwa ujisafishe, uache mkojo wa kwanza upite, ukinge wa katikati na uulete upesi.

Dalili zenyewe hazijabadilika. Mkojo unachoma kama pilipili, unakwenda chooni kila mara na kutoa matone, chini ya kitovu panauma, mkojo una ukungu na harufu, pengine na damu. Lakini mwanamke aliyesema hivyo siku zile alisikia neno moja: kisonono. Mke wa dereva wa lori ndiye aliyeumia zaidi, maana hukumu ilikuwa tayari kabla hajafika hospitalini. Namkumbuka mama mmoja muuza nyanya aliyekuja na wifi yake. Akaniambia, "Daktari, andika ukweli, hata kama ni ule ugonjwa." Niliandika nilichoona: seli za usaha tele, na bakteria wa umbo la vijiti wakiogelea. Wa kisonono ni wa duara, hukaa wawiliwawili, wala hawaogelei. Vijiti vile vilikuwa vya tumboni mwake mwenyewe. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, nayo iko karibu na njia ya haja kubwa. Tendo la ndoa huweza kuvisukuma vijidudu ndani bila mtu yeyote kuwa amezini.

Kosa la pili lilikuwa malaria. Bungoma, homa na mtetemeko vilimaanisha malaria, na mgonjwa alimezeshwa klorokwini akarudishwa nyumbani. Lakini vijidudu vikipanda hadi kwenye figo huleta homa ileile na mtetemeko uleule, pamoja na kutapika na maumivu ubavuni chini ya mbavu. Mtoto mdogo huenda asionyeshe lolote ila homa. Mjamzito huenda asihisi kitu kabisa, na bado maambukizi yakapanda figo au yakaleta uchungu kabla ya wakati. Ndiyo sababu kliniki ya wajawazito hudai mkojo hata kwa aliye mzima.

Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga miwa mwaka 1978. Ungedhani akina mama wa kupalilia miwa, wasio na choo wala kivuli, ndio wangejaza maabara. Sivyo nilivyoona. Miwa ni ukuta: mama huingia mistari miwili ndani, akajisaidia, akarudi kwenye jembe lake. Waliokuja sana ni wa barabarani. Dereva husimama nyuma ya gurudumu, yamekwisha. Muuza ndizi ana beseni asiloweza kuliacha, mtoto mgongoni, na choo cha kuombwa au cha kulipia. Basi hanywi maji asubuhi, na hujibana hadi jioni. Mkojo uliokaa kibofuni huwapa vijidudu nafasi ya kuzaana.

Dawa nazo zilipishana. Septrin ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, ikapendwa. Mwaka 1989 serikali ilianzisha malipo katika hospitali za umma, na wengi wakakimbilia kemisti, wakanunua tembe nne badala ya dozi nzima. UKIMWI ulipoingia, Septrin ikawa kinga ya kila siku kwa wanaoishi na virusi. Iliokoa maisha, lakini vijidudu viliizoea. Leo maambukizi ya kibofu hutibiwa mara nyingi kwa nitrofurantoini, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1953, kabla ya Septrin. Huufanya mkojo uwe wa kahawia, usishtuke. Ila haifai vijidudu vikishafika kwenye figo, kwa hiyo mwenye homa na maumivu ya ubavu aende hospitalini siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mjamzito, mwenye kisukari na mzee ambaye tezi dume inambania mkojo.

Kinga haina siri. Usijibane. Kojoa baada ya tendo la ndoa. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, wala usijioshe ndani kwa sabuni. Kunywa maji. Utafiti wa wanawake 140 huko Bulgaria, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa waliokuwa wakiugua mara kwa mara, walipoongeza lita moja na nusu ya maji kwa siku, waliugua karibu nusu ya mara walizougua wenzao ambao hawakuongeza.

Lakini nenda Kanduyi ukamwambie mama wa ndizi anywe lita moja na nusu zaidi. Atakuuliza ataitoa wapi, na ana haki kuuliza. Barabara ya Musikoma hadi Kanduyi imepanuliwa ikawa ya njia mbili, na magari yameongezeka, hivyo na mabeseni yataongezeka. Choo chenye komeo, chenye maji, kilicho hatua chache kutoka kwenye beseni, na kisichomlia faida yake ya asubuhi, kitapunguza foleni ya maabara kuliko dawa yoyote niliyoiona ikija na kupita.