RAV4 YA 2000-2005: ITUNZE KWANZA, MAPAMBO BAADAYE

Leo tuongelee Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, ile iliyotoka kuanzia 2000 hadi 2005. Bado zimejaa Dar, Arusha, Mwanza na kwingineko, na kwa vijana wengi ndiyo gari la juu la kwanza wanaloweza kulifikia. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mtu akishakabidhiwa funguo, hela iliyobaki yote inaishia kwenye rimu, taa na mziki. Miezi 6 baadaye gari limepaki gereji linasubiri injini ya mtumba.

Hata iliyo changa kuliko zote sasa ina miaka 20 hivi. Gari la umri huo halihitaji uliboreshe kuliko Toyota walivyolitengeneza, linahitaji ulirudishe kwenye hali waliyoitaka wao. Ukiishika hiyo, hela nyingi itabaki mfukoni.

JUA KWANZA UNAYO IPI

Fungua boneti usome kibati cha namba za gari. Kikiandikwa ACA21 ni ya milango mitano, ACA20 ni ya milango mitatu, na zote mbili zinavuta tairi nne. Za Japan za namba hizo zina injini ya 1AZ-FSE ya lita 2.0, ile yenye maandishi ya D-4. Kikiandikwa ZCA25 au ZCA26, ni injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8 inayovuta tairi za mbele tu. Usinunue spea yoyote kabla hujajua hili, maana muuza duka akiuliza "injini gani?" ukajibu "ya RAV4", umeshaanza kuingizwa mjini.

Injini zote mbili zinatumia cheni ya taimingi, siyo mkanda. Fundi akikwambia "tubadilishe taimingi belti" kwenye gari hili, muage kwa heshima uondoke.

D-4 inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Ni nzuri kwa ulaji wa mafuta, ila ina mambo mawili. Kwanza, petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo haizioshi, na masizi yanajijenga pale pamoja na kwenye throto. Dalili ni gari kukosa sailensa, injini inatetemeka ukiwa kwenye foleni. Kabla hujauziwa koili nne mpya, mwambie fundi asafishe throto na njia ya hewa. Pili, pampu yake ya presha haivumilii mafuta machafu. Ni kweli EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji, lakini wewe pia jilinde: jaza kituo chenye wateja wengi, dai risiti, na acha mafuta ya vidumu vya barabarani.

Mwenye 1ZZ naye asijione amepona. Za miaka hiyo zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo na yanaziba. Chomoa stiki ya oili kila wiki, injini ikiwa imepoa na gari likiwa sehemu tambarare. Ukisubiri taa ya oili iwake, umechelewa.

HELA YA KWANZA IENDE HAPA

1. Kupoza injini. Hili ndilo linaloua nyingi. Injini hizi ni za aluminiamu, na ukijaza maji ya bomba kwenye rejeta zinaliwa na kutu kutokea ndani. Tumia kulanti inayofaa Toyota, badilisha kila baada ya miaka 2. Kwenye 1AZ kuna ugonjwa unaojulikana: nyuzi za bolti za hedi, hasa upande wa nyuma unaotazama kabini, zinang'oka kwenye bloku na kulanti inavuja taratibu mahali usipopaona. Kama kulanti inapungua na hakuna tone chini, mwambie fundi amulike nyuma ya injini kwa tochi. Dawa yake ni kuchongewa nyuzi mpya za chuma kwenye bloku, siyo gundi wala kukaza zaidi. Mshale wa joto ukipanda, simama hapo hapo uzime. Hizo kilomita 2 za kujikongoja mpaka nyumbani ndizo zinazoua injini.

2. Giaboksi. Ya otomatiki inataka haidroliki ya Toyota aina ya T-IV, siyo yoyote nyekundu iliyopo dukani. Gia zikiingia kwa kishindo, usikubali giaboksi ishushwe siku hiyo hiyo. Kule Marekani Toyota iliongeza dhamana ya kompyuta ya injini kwa RAV4 za otomatiki za 2001 hadi 2003, baada ya kuonekana kwamba kompyuta ndiyo iliyokuwa inavuruga gia. Gari lipimwe kwa mashine kwanza, kisha kompyuta ikaguliwe. Watu wamebadilisha giaboksi mbili na ugonjwa ukabaki pale pale.

3. Tairi. Kama yako inavuta tairi nne, zote ziwe saizi moja, aina moja, na ziwe zimelika karibu sawa. Katikati ya mfumo kuna kifaa chenye mafuta mazito kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Tairi mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma zinakifanya kifanye kazi muda wote, kinachemka, mwisho kinakufa. Kwa sababu hiyo hiyo, gari likiharibika njiani lisivutwe mbele likiwa limenyanyuliwa na nyuma zinazunguka. Libebwe lote.

Unaponunua tairi, tafuta namba nne ubavuni. 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi la mtumba la miaka 10 linaweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka ukiwa Chalinze. Upepo soma kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, usimsikilize kijana wa kompresa anayejaza magari yote namba moja.

4. Mfuko wa hewa. Hili halina utani. Mifuko ya kampuni ya Takata iliitwa irudishwe duniani kote kwa sababu kifaa kinachoupuliza kinaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu wamekufa, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Baadhi ya RAV4 za kizazi hiki za miaka ya mwisho zimo. Kinachoiharibu kemikali yake ni joto na unyevu vikiandamana kwa miaka, yaani hali ya hewa ya Dar, Tanga na Mombasa kabisa. Tayari upo kwenye kompyuta: ingiza namba ya chesisi kwenye ukurasa wa Toyota Japan wa kukagua magari yaliyoitwa, halafu onana na wakala wa Toyota. Dakika 5 tu.

MAPAMBO: YANAYOFAA NA YA KUOGOPA

Redio. Ya Kijapani inaishia 90 FM, ndiyo maana stesheni nyingi za huku huzipati. Kifaa kidogo cha kupanua masafa kinasaidia, ila redio mpya ni bora zaidi. Anayefunga atumie soketi za kuchomeka, asikate waya za gari. Amplifaya iwe na waya wake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukigusa bodi, gari linawaka moto.

Taa. Balbu za LED za bei poa ukizitia kwenye taa iliyotengenezewa balbu ya kawaida, mwanga unatawanyika: unampofusha anayekuja na wewe huoni mbali. Anza kwa kung'arisha vioo vya taa vilivyopauka, utashangaa. Ukifunga spotilaiti, weka relei na fyuzi. Mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9, swichi ndogo itayeyuka.

Bulbaa. Mabomba mazito mbele yanabadilisha namna gari linavyopokea ajali, na vihisi vya mfuko wa hewa vilipangwa kwa bampa la kiwandani. Ukigonga mtu kwa miguu, chuma kinamuumiza zaidi. Kwa gari la mjini haina faida.

Keria. Ni nzuri kwa safari, lakini mzigo wa juu unalifanya gari lipinduke kirahisi kwenye kona. Vizito viwe ndani, juu weka magodoro. Ukirudi, ivue, inakula mafuta.

Kava za siti na kapeti. Ubavuni mwa siti kukiwa na neno AIRBAG, usifunike pale kwa kava iliyoshonwa kubana. Kapeti ya dereva iwe moja tu, imeshikwa na ndoano zake. Kapeti mbili zikipandana zinaweza kukwamisha pedo ya mafuta.

Ulinzi. Hapa toa hela bila kusita. Chonga namba ya gari kwenye vioo na saiti mira, na funga nati yenye ufunguo maalumu kwenye tairi la mgongoni. Tairi hilo lisizidi saizi ya kiwandani, maana mlango wa nyuma unalibeba kwa bawaba, na likiwa zito mlango unalala.

"MABORESHO" YA KUKATAA

Kutoa thamostati. Fundi Maiko atakwambia "hii ni ya nchi za baridi". Siyo kweli. Thamostati inaifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula petroli na inalika haraka. Gari likichemsha bila thamostati, ujue ugonjwa haujatibiwa, umefichwa.

Kutoa masega ya ekzosi. Utaambiwa gari litakuwa jepesi. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana yana soko na ndiyo maana anayeyatoa anakubembeleza. Wewe unabaki na moshi, kelele na taa ya injini inayowaka. Kama yameziba, tafuta kilichoyaziba: mara nyingi ni injini inayokula oili au plagi zilizokufa.

Kunyanyua kwa vipande vya chuma juu ya shokapu. RAV4 haina chesisi ya ngazi kama Hilux. Ekseli za tairi zinafanya kazi kwa pembe maalumu, ukizidisha utasikia "ka-ka-ka" kwenye kona, buti za raba zimechanika na grisi imekwisha. Kama nyuma imekaa chini, weka springi na shokapu mpya za saizi yake. Itapanda yenyewe.

MASIKA YAKIFIKA

Urefu wake kutoka chini unadanganya. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni haiwezi kuyabana na mkono wake unapinda. Maji yakishafika katikati ya tairi, pale Jangwani au popote, geuza. Kama limezimia ndani ya maji, usijaribu kuliwasha hata mara moja. Lisukumwe, plagi zitolewe, maji yatoke kwanza. Ukishapita maji marefu, kagua oili ya difu: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji, badilisha. Na mwosha magari asipige presha juu ya injini, visima vya plagi vinajaa maji.

RATIBA YA KUBANDIKA NDANI YA BONETI

- Kila wiki: oili, kulanti, upepo wa tairi pamoja na la akiba.
- Kila kilomita 5,000: oili ya injini 5W-30 na filta yake. Filta ya hewa ikaguliwe, mapema zaidi kama unapita vumbi.
- Kila kilomita 10,000: tairi zizungushwe, pedi za breki na bushi zitazamwe.
- Kila kilomita 40,000: haidroliki ya giaboksi, oili ya difu na ya transfa.
- Kila miaka 2: kulanti na mafuta ya breki, hata kama gari halitembei.

Andika tarehe na kilomita kwenye daftari kila unapofanya kitu. Siku ya kuuza, hilo daftari litakutetea kuliko rimu za kung'aa.

Kwa leo ni hayo. Na wewe ambaye bado unajichanga, siku ukienda yadi usianze kwa kuangalia rangi. Vuta stiki ya oili, fungua rejeta injini ikiwa ya baridi, kisha mulika nyuma ya injini. Mafundi na wamiliki wenye la kuongeza au kupinga, tupieni hapo chini wadau wengine wafaidike.