Elimu kwa Wastaafu: Funzo kutoka Kua na Visiwa vya Mafia

Elimu isiyo na ukomo ni ile ambayo mtu huitafuta katika kila kipindi cha maisha yake, darasani au nje ya darasa, hata baada ya kustaafu kazi. Katika makala hii tunaeleza kwa nini elimu hiyo ni haki na hitaji la mzee, tunapitia historia yake katika Wilaya ya Mafia, na tunaonesha njia za kuipata kwa gharama ambayo mstaafu wa kawaida anaweza kuimudu. Tumechagua Mafia, na ndani yake mji wa kale wa Kua, kwa sababu mbili: wilaya hii ilipata kuwa mfano wa taifa zima katika elimu ya watu wazima, na magofu ya Kua yanatukumbusha hasara inayotokea pale maarifa ya wazee yasiporithishwa.

Mstaafu ni nani?

Kwa watumishi wa umma nchini Tanzania, umri wa kustaafu kwa jumla ni miaka 55 kwa hiari na miaka 60 kwa lazima. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Hata hivyo, wazee wengi wa visiwani hawakuwahi kuajiriwa. Wapo wavuvi walioacha ngalawa kwa sababu nguvu zimepungua, wakulima wa minazi na akina mama waliolima mwani. Hawa hawana barua ya kustaafu wala pensheni, lakini nao wanahusika katika yote tunayoyasema hapa.

Kwa nini mzee ajifunze?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba haki ya kupata elimu ni ya watu wote, wa kila taifa, hali na umri. Neno hilo la mwisho, umri, mara nyingi tunalipita bila kulitafakari. Injili ya Luka nayo inatuonesha Simeoni na nabii Ana katika Hekalu la Yerusalemu. Ana alikuwa mjane wa miaka 84. Uzee wao haukuwazuia kungoja na kutambua jambo jipya ambalo Mungu alikuwa akilitenda.

Zipo pia sababu za maisha ya kila siku. Mstaafu hupokea mafao ya mkupuo, pengine fedha nyingi kuliko zote alizowahi kuzishika kwa wakati mmoja. Asipokuwa na maarifa ya kupanga matumizi, au akiingia katika biashara asiyoijua, akiba ya miaka thelathini yaweza kuisha katika miezi michache. Matapeli wa simu huwalenga wastaafu kwa sababu wanajua fedha hizo zipo. Huduma nyingi za benki na za serikali sasa hupitia simu ya mkononi, na mzee asiyeweza kuitumia hulazimika kumkabidhi mtu mwingine namba yake ya siri. Kwa mzee wa namna hiyo, elimu ni ulinzi.

Mafia mwaka 1971

Tanganyika ilipopata uhuru, watu wazima wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1967, takribani asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha wilaya sita zilichaguliwa ziwe za kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971, taifa litakapotimiza miaka kumi ya uhuru. Mafia ilikuwa mojawapo, pamoja na wilaya nyingine ya kisiwa, Ukerewe.

Yafaa tuangalie kazi hiyo ilivyofanyika. Hakuna mzee aliyetakiwa kuvuka bahari kwenda kusoma. Madarasa yaliwafuata watu vijijini, katika majengo ya shule baada ya watoto kuondoka, katika nyumba za ibada na chini ya miti. Waliofundisha walikuwa walimu wa shule, wanafunzi na vijana waliomaliza shule ya msingi, wengi wao wakijitolea au kupewa posho ndogo. Kisomo kilichoitwa chenye manufaa kiliunganisha herufi na kazi ya mtu, kama vile kilimo, ufugaji na uvuvi. Upimaji wa kitaifa wa Agosti 1975 ulionesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika nchini walikuwa wamepungua hadi asilimia 39.

Mwaka 1973 kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kujifunza. Kila kikundi kilihitaji redio moja, kijitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Watu walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Kutokana na historia hiyo tunapata kanuni moja: elimu ya mtu mzima huwa nafuu inapomfuata alipo, na inapofanyika katika kikundi. Kwa mkazi wa kisiwani, nauli na malazi huweza kuzidi ada.

Milango iliyo wazi leo

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1975, huendesha na kusimamia masomo ya watu wazima, yakiwemo ya sekondari kwa walioikosa ujanani. Upo pia Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, unaojulikana kama MUKEJA, ambamo wanakikundi huchagua wenyewe la kujifunza na kuliunganisha na shughuli ya kujipatia kipato. Mahali pa kuanzia ni kwa afisa elimu ya watu wazima katika halmashauri ya wilaya.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975, hutoa kozi fupi za ufundi, ushonaji, kilimo na mapishi. Kwa watu wa Mafia, vilivyo karibu ni pamoja na cha Ikwiriri na cha Kibaha, vyote vikiwa bara.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hakimlazimu mwanafunzi kuhama nyumbani kwake, na kina kituo cha Mkoa wa Pwani mjini Kibaha. Mwalimu mstaafu aliyetamani shahada maisha yake yote anaweza kuisomea polepole. Tunashauri aulize kwanza jumla ya gharama zote, ikiwemo ada ya mitihani na nauli, kabla ya kugusa mafao yake. Kwa anayependa kusoma bila kutafuta cheti, zipo maktaba za umma chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, pamoja na vipindi vya mafundisho vya redio.

Mzee kama mwalimu

Kua ipo katika kisiwa cha Juani, jirani na Chole. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti, makaburi na majumba ya mawe ya matumbawe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia, na mji ukaachwa. Mawe yamebaki, lakini mengi tunayoyajua kuhusu maisha ya humo yametufikia kwa vinywa vya wazee, yakiwemo masimulizi ya uhasama wa Kua na Kisimani, ulioanzia katika kushushwa kwa jahazi na kuishia katika karamu ya harusi. Mzee anapofariki kabla ya kusimulia, hakuna chuo kinachoweza kulirudisha simulizi lake.

Kwa hiyo mstaafu ana nafasi mbili darasani. Anajifunza matumizi ya simu kutoka kwa mjukuu, naye humfundisha mjukuu historia, majina ya pepo za bahari, uundaji wa vyombo na adabu. Ubadilishanaji huu hauna ada.

Parokia ifanye nini?

Tunapendekeza hatua chache zinazowezekana hata katika parokia ndogo. Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iorodheshe wazee wake, wanachotaka kujifunza na wanachoweza kufundisha. Pili, ukumbi au kivuli cha kanisa kitumike kwa darasa moja kwa juma, mchana, ili mzee asitembee gizani. Tatu, masomo ya mwanzo yawe ya mafao na akiba, usalama wa simu, na afya ya uzeeni. Nne, waamini wanaokaribia kustaafu waalikwe miaka michache kabla, kwa kuwa uamuzi mbaya juu ya mkupuo hufanyika mapema mno. Tano, darasa liwe wazi kwa majirani wote. Mafia Wakatoliki ni wachache kati ya ndugu zao Waislamu, na mwaka 1971 hakuna aliyeulizwa dini yake kabla ya kupewa chaki.

Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, iliyowekwa na Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2021, huadhimishwa Dominika ya nne ya Julai. Ni siku inayofaa kwa parokia kufungua darasa lake la kwanza la wazee, baada ya Misa, wakiwa bado wamekusanyika.