Korona Kabla ya Korona

Mwaka 2020, dunia nzima ilipokuwa inajifunza kulitamka neno korona, watu wa Korogwe walikuwa nalo mdomoni kwa miongo mingi. Kwao korona ni mashine. Ni ile inayopokea jani la mkonge, nene, bichi, lenye mwiba nchani, na kulikwangua mpaka zibaki singa tupu. "Korona imekufa" ilikuwa habari mbaya huko muda mrefu kabla ya barakoa. Maana yake ni kwamba majani yaliyokwisha kukatwa yatakaukia kwenye rundo, na jasho la wakataji litapotea.

Jina hilo tulilipokea pamoja na chuma chenyewe. Corona lilikuwa jina la mashine za kampuni ya Krupp ya Ujerumani. Tukaongeza irabu pale tulipoona inafaa, tukaliingiza kwenye ngeli, likawa letu. Mashine ndiyo iliyochelewa kuwa yetu.

Ukitoka Chalinze kwa basi utapita Mkata na Kabuku, wilayani Handeni, kisha utafika njia panda ya Segera. Kushoto ni Korogwe na Moshi. Kulia ni Hale, Muheza na Tanga. Kuanzia hapo mkonge huanza kukufuata dirishani, mistari iliyonyooka kana kwamba mtu aliichora kwa rula. Miche ya kwanza ililetwa na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na mwaka 1893 iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1902 reli ikafika Korogwe. Mashamba makubwa yaliifuata reli kwa sababu moja rahisi: korona haibebeki kichwani. Ni mzigo wa tani nyingi, unaotaka behewa, msingi wa saruji, injini na maji mengi.

Inavyofanya kazi si siri. Majani hupangwa kwa upande juu ya meza inayotembea, minyororo au kamba nene huyabana katikati na kuyapeleka kwenye ngoma inayozunguka kwa kasi, yenye vyuma butu. Ngoma ya kwanza hukwangua nusu ya jani. Kisha jani hubanwa upande uliokwisha kukwanguliwa, na ngoma ya pili humaliza nusu iliyobaki. Muda wote maji yanamwagika kuosha nyama ya jani. Singa hutoka upande wa pili, huanikwa kwenye nyaya juani, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja na kufungwa marobota.

Hapo ndipo ilipo hesabu ninayotaka tuitazame. Katika kila kilo 100 za majani, singa zinazopatikana ni kama kilo 2 hadi 5. Zilizobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo, kwa uzito, kiwanda cha mkonge ni kiwanda cha kutengeneza taka ambacho pembeni hutoa singa kidogo. Kwa miongo mingi taka hizo zilirundikwa nyuma ya korona, au zilisombwa na maji kuelekea mitoni, na mto mkuu wa eneo hili ni Pangani.

Je, hakukuwa na watafiti? Walikuwepo, tena hodari. Amani, juu ya milima ya Usambara, kilikuwa kituo cha utafiti tangu enzi za Wajerumani. Mlingano, karibu na Muheza, kilianzishwa miaka ya 1930 kwa ajili ya mkonge. Kazi ya vituo hivyo ndiyo iliyotupa chotara maarufu 11648, inayotoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida. Lakini angalia maswali yaliyopewa fedha: mmea uzae zaidi, udongo usichoke, magonjwa yazuiwe. Maswali ya mashine yalijibiwa Ulaya, kwenye viwanda vilivyoiunda. Nalo swali la mgongo wa mkataji halikuhitaji maabara, kwa kuwa jibu lake lilikuwa manamba: vijana waliosafirishwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na kwingineko, wakaandikwa namba na kupewa kipande. Mtu akichoka, alikuwepo mwingine.

Mwaka 1964 Tanganyika ilifikia kilele, takriban tani 230,000 za singa kwa mwaka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Miaka hiyo hiyo kamba za plastiki zilikuwa zinaingia sokoni kwa bei ambayo mkonge haukuiweza. Kufikia mwaka 2000 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi tani kama 20,000. Sababu za anguko hilo zimejadiliwa sana: utaifishaji, bei, uongozi. Sababu isiyotajwa sana ni kwamba tulikuwa tumerithi mmea mzima lakini tukaendelea kuuza sehemu ile ile ndogo, kwa matumizi yale yale, kamba na magunia. Plastiki ilipoichukua kazi ya kamba, hatukuwa na kazi nyingine ya kuipa singa.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi au ng'ambo. Na ukitazama yaliyowashughulisha wahandisi mitambo wetu, utakuta mkonge ukirudi kwa mlango mwingine. Elifas Bisanda, wa Idara ya Uhandisi Mitambo, aliyekuja baadaye kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alishirikiana na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walichapisha majaribio ya kuunganisha singa za mkonge na gundi kupata vibao vigumu. Tatizo lilikuwa maji: singa hunywa unyevu, hivyo hulegea ndani ya gundi. Wakaziosha kwa magadi makali, kisha wakazipaka kemikali za jamii ya sileni, na vibao vikastahimili unyevu vizuri zaidi. Wakaenda mbele. Badala ya gundi ya kigeni wakatumia mafuta ya maganda ya korosho, wakafinyanga vibao vyenye migongo kama bati. Majaribio ya kuvipinda yalionyesha vina nguvu ya kutosha kuezekea nyumba.

Hebu fikiri. Mkonge wa Korogwe, korosho za Mtwara, paa juu ya kichwa cha Mtanzania. Katika swali hilo moja la utafiti mna siasa nyingi kuliko hotuba kadhaa. Lakini pita Korogwe leo utazame juu: ni bati. Kati ya kibao kilichofaulu maabara na paa kuna kiwanda, mkopo, soko na fundi anayekubali kukipigilia. Hayo hayamo kwenye makala ya kisayansi, na si kosa la makala.

Jaribio la pili lilifika mbali zaidi. Pale Hale, kwenye shamba la kampuni ya Katani, ulijengwa mtambo wa kuoza makapi ya mkonge ndani ya matangi yasiyopitisha hewa, bakteria wakatoa gesi, gesi ikaendesha jenereta. Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda na mfuko wa kimataifa wa bidhaa ndio waliogharimia. Kufikia mwaka 2008 mtambo huo wa kilowati 150 ulikuwa umeanza kutoa umeme kutoka kwenye kile kilichokuwa kikitupwa. Wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao, akiwemo Anthony Mshandete, walionyesha mwaka 2006 kwamba singa za taka zikikatwa hadi milimita 2, methani huongezeka kwa asilimia 23. Biolojia ilikuwa imepiga hodi kwenye karakana: nani atatengeneza kisu?

Lakini swali gumu kuliko yote bado ni korona yenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakulima wadogo wamepewa vitalu katika mashamba ya Korogwe kama Hale, Magunga, Mwelya, Ngombezi na Magoma. Ardhi iligawanyika. Mashine haikugawanyika. Jani likishakatwa linatakiwa kuchakatwa ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mwenye korona ndiye mwenye saa. Unaweza kuwa na hekta zako, miche yako na nguvu zako, kisha ukasimama foleni kama manamba mwenye hatimiliki. Na mkulima wa ndani Handeni, mbali na reli iliyoamua korona zikae wapi, ana foleni ndefu zaidi: barabara.

Brazil, inayoongoza duniani kwa mkonge, ilichukua njia nyingine. Huko Bahia mashine ni ndogo, ya magurudumu, inamfuata mkulima shambani. Ila mtu husukuma jani kwa mkono wake mwenyewe mbele ya ngoma inayozunguka, kisha hulivuta. Wengi wamekatwa vidole na viganja. Kwa hiyo tuna mashine kubwa inayomfanya mkulima aifuate, na mashine ndogo inayomfuata mkulima na kumla mkono.

Kati ya hizo mbili pana nafasi ya mashine ya tatu: ndogo, ya kuvutwa na trekta, isiyohitaji kiganja karibu na ngoma, isiyokunywa maji ya kijiji kizima, na inayomwachia mkulima makapi yake. Katika orodha za mambo wanayotafiti wahadhiri wa uhandisi mitambo utakuta maneno makavu: usanifu wa mashine, nishati, sayansi ya mata. Kijana wa uhandisi anayeyasoma anaweza kudhani ni mambo ya kupatia shahada. Kwa anayelima Kabuku, mstari mmoja kati ya hiyo unaweza kuamua kama mkonge wake utafika sokoni ukiwa singa, au utakaukia barabarani ukisubiri korona ya mtu mwingine.