Plagi Zilizoganda: Kumbukumbu ya Isipingo

Safari hii tumeona tuandike habari za kitu kidogo kuliko kalamu, ambacho kimewahi kuwalaza mafundi wetu na njaa. Nacho ni plagi ya hita ya injini ya dizeli.

Rudolf Diesel alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ikafanya kazi sawasawa huko Augsburg, Ujerumani. Injini hiyo haina cheche kama ile ya petroli. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto wa kuyawasha mafuta. Lakini asubuhi ya baridi, chuma hulinyonya joto lile na injini hugoma. Ndiyo maana mwaka 1922 kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza plagi za kupasha moto silinda kabla ya kupiga stata.

Huku Durban dizeli ni nyingi. Toyota zimekuwa zikiundwa katika jiji hili tangu miaka ya 1960, na kiwanda cha Prospecton, kinachotoa Hilux, kipo jirani kabisa na Isipingo, mtaa ambao wengi wetu tulianzia maisha. Tena bandarini hushushwa magari yaliyotumika Japani, yakielekea Zambia na Kongo.

Tatizo ni kwamba Durban haina baridi ya maana. Plagi ikifa, gari huwaka tu, na mwenyewe hana habari. Miaka hupita. Kwa ndani masizi huishika plagi, kwa nje kutu na chumvi ya bahari. Siku mwenye gari akipanda Johannesburg mwezi wa Juni, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, gari hukataa kuwaka alfajiri. Hapo ndipo fundi huitwa, na plagi zimekwisha ganda.

Mzee wetu mmoja, fundi aliyetokea Bukavu, alikuwa akiwaonya vijana wasitumie nguvu. Plagi ya milimita 10 hukatika ikizungushwa kwa takriban nyutonimita 35, na mkono wa kijana mwenye spana ndefu huzidi hapo bila yeye kujua. Ikikatika, itabidi kutoboa kwa uangalifu au kufungua silinda hedi nzima. Kwa hiyo alikuwa akisafisha uchafu kwanza, akidondosha mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina, na kuyaacha yalale. Kisha aliiwasha injini ipate moto, akaizima, akalegeza kidogo, akakaza kidogo, akalegeza tena. Ikikataa, aliongeza mafuta akaenda zake kunywa chai.

Mwishoni mwa Machi 2015 gari la jirani yetu Mzulu, Hilux ya silinda 4, lilikuwa uani, plagi zimelowekwa mafuta. Siku hizo vurugu dhidi ya wageni zikaanza papo hapo Isipingo, na mwezi Aprili zikasambaa Durban. Nchi nzima waliuawa watu wasiopungua 7, wageni na wenyeji. Kambi za muda zilifunguliwa Isipingo, Chatsworth na Phoenix. Tulilala kwenye mahema pamoja na watoto, spana zetu zimebaki uani.

Tuliporudi, tulilikuta gari pale pale. Jirani hakulivuta kwenda gereji nyingine, na vifaa vyetu alikuwa amevifungia ndani kwake. Alimwambia mzee, "Mfowethu, nimekusubiri," yaani ndugu yangu. Plagi 3 zikatoka kwa utaratibu. Ya 4 ikakatika, tukafungua hedi, naye akalipa kidogo kidogo mpaka mwisho.

Mara nyingi tumejiuliza juu ya mwaka ule. Mwaka 2008 walikuwa wamekwisha kufa watu 62 katika vurugu kama hizo. Kisha hali ikatulia, nasi sote, wageni na wenyeji, tukadhani mambo yamekwisha kwa kuwa gari linawaka. Hatusemi kosa ni la aliyepigwa, hasha. Mwenye kosa ni aliyeshika rungu. Ila miaka 7 ile ya utulivu ilikuwa nafasi ya kukaa na majirani, kujua Kizulu zaidi ya maneno ya sokoni, na kuudai ulinzi kabla ya balaa. Tuliitumia kidogo mno. Aliyetuhifadhia spana alikuwa mtu ambaye mzee wetu alikuwa akinywa naye chai.

Kinga ya plagi ni rahisi: zipimwe kabla ya kufa, na zinapofungwa upya zipakwe grisi maalumu ya kuzuia kushikana. Usiziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee wetu. Kwa walio Durban, Juni isitukute hatujaangalia.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.