Sifuri, kistari na namba isiyo namba

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Sasa muulize mtu wa takwimu: pamba ya Simiyu ya 2012 iliongezeka kwa asilimia ngapi kuliko ya 2011? Mwaka 2011 mkoa haukuwapo. Mwenye haraka atajaza sifuri, kompyuta igawanye kwa sifuri, na wakulima wa Mkula pamoja na jirani zao wataonekana wameongeza mavuno bila kikomo.

Zama za vitabu vya MTUHA vya kuandikia takwimu za afya, vilivyoenea katika zahanati nchini miaka ya 1990, pengo kama hili halikuwa na shida. Mhudumu alichora kistari au aliacha nafasi wazi, na msomaji akaelewa. Mashine haielewi kistari.

Mhandisi Mjerumani Konrad Zuse alilijua hilo mapema: kompyuta yake ya Z3, iliyokamilika Berlin mwaka 1941, iliweza kutambua majibu yasiyo na kikomo na yasiyo na maana. Waliomfuata kila mmoja alishika njia yake, hadi kiwango cha hesabu za kompyuta cha IEEE 754 kilipotoka mwaka 1985, kazi iliyoongozwa zaidi na William Kahan wa Berkeley. Tano ukigawanya kwa sifuri, jibu ni infiniti, yaani lisilo na kikomo. Sifuri kwa sifuri, jibu ni NaN, yaani "si namba". Na kioja chenyewe: NaN hailingani hata na NaN.

Kwa mahesabu, sawa. Kwa kanzidata, balaa: utapangaje kwa mfuatano kitu kisicholingana na chenyewe? Watengenezaji wa kanzidata ya PostgreSQL wakaamua kukiuka kanuni. Kwao NaN ni sawa na NaN, tena ni kubwa kuliko namba zote. Ukipanga vituo vya afya kuanzia chenye idadi kubwa ya wagonjwa, kile chenye NaN kinakaa kileleni. Ukijumlisha safu nzima, NaN moja inameza jumla yote. Infiniti katika aina yake ya namba za desimali kamili (numeric) ilikubaliwa baadaye sana, katika toleo la 14, mwaka 2021.

DHIS2, mfumo unaopokea takwimu za afya Tanzania, hukaa juu ya PostgreSQL hiyo hiyo. Kwa kawaida hauhifadhi sifuri, mpaka aliyesanidi kipengele husika cha takwimu aruhusu. Asiporuhusu, zahanati iliyoandika kwamba haikupata mgonjwa hata mmoja na ile ambayo haikuandika kitu zinaacha kisanduku kilekile kitupu.