Bei ya Kidole

Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na sehemu kubwa ya kazi nzito ikafanywa na vibarua wa mkataba kutoka Bara Hindi. Hesabu zao zimehifadhiwa: waliletwa watu 31,983. Kati yao 2,493 walifariki, na wengine 6,454 wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema, hawafai tena kwa kazi. Simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa daraja mwaka 1898, wametungiwa vitabu na filamu. Vilema wale walibaki tarakimu.

Uchungu wa tarakimu hizo unazidi mtu akitazama kalenda. Mwaka 1897, huku reli ikisogea barani, Bunge la London lilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Aliyeipigania zaidi ni Joseph Chamberlain, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Makoloni. Ilipoanza kutumika Julai 1898, mfanyakazi wa reli nchini Uingereza aliyeumia kazini alistahili hadi nusu ya mshahara wake wa wiki, isiyozidi pauni moja, na hakulazimika kuthibitisha kwamba tajiri wake ndiye mwenye kosa. Sheria hiyo haikuvuka bahari.

Kuondoa swali la kosa lilikuwa jambo kubwa. Kwa miaka 60 swali hilo ndilo lililowafungia mlango majeruhi wa Uingereza. Kijana Charles Priestley, aliyemtumikia mchinjaji aitwaye Fowler, alivunjika mguu mkokoteni uliojazwa nyama kupita kiasi ulipokatika. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa pauni 100. Mwaka 1837 majaji wakabatilisha: mtumishi, walisema, anazijua hatari za kazi yake na anaweza kuikataa. Kutokana na kesi hiyo ikakua kanuni kwamba tajiri hawajibiki kwa uzembe wa mfanyakazi mmoja uliomdhuru mwenzake. Viwandani, ambako karibu kila ajali hupitia mkono wa mwenzako, kanuni hiyo iliwaacha wengi bila kitu.

Pwani ya Afrika Mashariki, ambako makadhi waliamua kesi kwa sheria ya Kiislamu, viungo vya mwili vilikuwa na thamani inayojulikana tangu kale. Diya kamili, yaani fidia ya uhai wa mwanamume, ni ngamia 100. Mkono mmoja ni 50. Kila kidole ni ngamia 10, gumba sawa na kidole cha mwisho. Na aliyejeruhi bila kukusudia hakuachwa alipe peke yake, bali ukoo wake ulichangia. Lakini diya inamtaka mtendaji. Mashine ikikata mkono, haina ukoo wa kudaiwa.

Mashine zilikuja na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya zao hilo katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, na baada ya miaka michache nyanda za Tanga zikajaa mashamba. Jani la mkonge lina mwiba nchani unaoweza kutoboa jicho la mkataji. Likishakatwa hupelekwa kwenye korona, mtambo wenye ngoma ya visu inayozunguka kwa kasi, ili nyama ya jani itoke na zibaki nyuzi. Wajerumani wenyewe walikuwa na bima ya ajali kazini tangu 1884, enzi za Bismarck: waajiri walichanga fedha kwenye vyama vyao, na aliyelemaa kabisa akapata theluthi mbili ya mshahara. Kibarua wa Kiafrika kwenye korona hakuwemo.

Waingereza walipoichukua Tanganyika, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimjali zaidi anayetoroka kazi kuliko anayeumia: kuvunja mkataba lilikuwa kosa la jinai. Mwaka 1926 iliundwa idara ya kazi chini ya Granville Orde-Browne, lakini mwaka 1931, uchumi wa dunia ulipoporomoka, ikafutwa ili kubana matumizi. Kwa hiyo kibarua aliyejeruhiwa miaka hiyo alimtegemea meneja wa shamba: akiwa mwema atapelekwa zahanati, la sivyo atabebwa na jamaa zake kurudi kwao. Na kwao kulikuwa mbali. Manamba, kama walivyoitwa, walitoka Kigoma, Songea, hata Ruanda-Urundi, na kuanzia 1944 waliandikishwa na ofisi ya wenye mashamba iitwayo SILABU.

Mabadiliko yalianza Vita Kuu ya Pili ilipokwisha. Migomo ya makuli wa bandari, Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1939, ilikuwa imewafungua macho watawala. Kenya ikapata sheria ya fidia mwaka 1946, na Tanganyika ikafuata kabla ya muongo kwisha. Hapo ndipo majeruhi wa huku walipoanza kupitia njia ambayo wajukuu wao bado wanaitambua: taarifa kwa mwajiri, daktari wa kuandika asilimia ya ulemavu, afisa kazi wa kupiga hesabu. Jedwali la sheria liliorodhesha viungo kama diya ilivyofanya, ila kwa mizani tofauti. Gumba lilizidi kidole cha mwisho, kwa kuwa kilichopimwa ni uwezo wa mtu kujipatia kipato.

Udhaifu wa mpango huo ulikuwa kwenye tarakimu za fedha. Zilipoandikwa kwenye sheria, zilikaa hapohapo huku shilingi ikiyeyuka. Tanzania iliingia karne ya 21 na kikomo cha shilingi 108,000 kwa aliyelemaa maisha na 83,000 kwa familia ya aliyefariki.

Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 ilibadili hesabu hiyo kwa Tanzania Bara, ingawa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Kuukata kwenye mshahara wa mfanyakazi ni kosa. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, ya umma asilimia 0.5, na baadaye zikalinganishwa kwenye 0.5. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa miezi isiyozidi 24. Ulemavu wa kudumu uliozidi asilimia 30 huleta pensheni ya kila mwezi. Ulio chini ya hapo hulipwa kwa mkupuo.

Kenya ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA, inamtaka mwajiri akate bima, na madai yanapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kabla ya kufika mahakamani. Mawakili, waliozoea kuwashtaki waajiri moja kwa moja, waliipinga kupitia chama chao. Mahakama Kuu ikafuta baadhi ya vifungu mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikarudisha vingi kati ya hivyo mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi huo wa rufaa. Kwa miaka kumi na zaidi, Mkenya aliyeumia kazini hakuwa na hakika aende mlango upi.

Katika nchi zote mbili saa huanza kuhesabiwa siku ya ajali. Majeruhi anatakiwa amjulishe mwajiri mapema. Mwajiri, akishajulishwa, ana siku 7 za kupeleka taarifa, na madai yafunguliwe ndani ya miezi 12. Kwa hiyo jina la aliyeshuhudia, cheti cha hospitali na karatasi ya ajira vina uzito zaidi kuliko maelezo marefu yatakayotolewa baadaye.

Karatasi ya ajira ndiyo inayokosekana mara nyingi. Machi 2008, mwaka uleule wa sheria mpya, mvua kubwa ilijaza maji migodi ya tanzanite ya Mererani na makumi ya wachimbaji wakafia chini. Wanaapolo, kama wanavyoitwa huko, kwa kawaida hawana mshahara: hula na kulala kwa mwenye kitalu, kisha hupata mgawo madini yakionekana. Sheria inapiga asilimia 70 ya mshahara, na wao hawana mshahara wa kupigiwa hesabu. Saidia fundi anayeokotwa asubuhi kijiweni na kulipwa jioni yuko pembeni mwao: akianguka kutoka jukwaani, fundi atamtaja mkandarasi, mkandarasi atamtaja mwenye nyumba, na siku zitapita kabla hajajulikana nani alikuwa mwajiri.